Friji ya Kugandisha Barafu: Nimekaa Nayo Miezi Minane

Haya jamani, karibuni tena. Leo tuko jikoni kwangu hapa Dar, na naomba msiangalie vyombo, angalieni friji. Milango miwili, friza juu, lita mia mbili na kidogo. Ni ile inayoganda barafu ukutani, siyo zile zenye feni ndani zinazojiyeyusha zenyewe.

Kwanza hii swichi ya kuzungusha, 1 mpaka 7. Hizo namba siyo nyuzi joto! Kadiri namba inavyopanda ndivyo baridi inavyozidi. Mtu anaweka 7 moja kwa moja, kompresa haipumziki, halafu analalamika umeme wa LUKU inakwisha haraka. Mimi niko kwenye 3. Niliweka kipimajoto ndani ya glasi ya maji, ikalala humo, asubuhi nikakuta nyuzi 4. Hapo ndipo panapotakiwa. Friza nayo iwe nyuzi 18 chini ya sifuri.

Sasa tazameni friza. Mmeona? Kila ukifungua mlango, hewa yetu hii yenye unyevu inaingia, inaganda ukutani. Ikifika nusu sentimita, yeyusha, maana barafu inazuia baridi isifike kwenye nyama na mashine inahangaika bure.

Na kisu weka mbali. Friji yangu ya kwanza niliichokonoa kwa kisu cha mkate, nikasikia fsss. Mabomba ya gesi ya kupozea yamepita humo humo nyuma ya ukuta. Fundi aliponitajia bei nikanyamaza. Sasa hivi iko kwa jirani, anawekea unga. Halafu friji nyingi za sasa zina gesi ya R600a, someni stika nyuma, na hiyo inashika moto. Ukiitoboa fungua madirisha, usiwashe kiberiti wala kugusa swichi.

Mimi nafanya hivi. Nachomoa waya. Samaki na nyama navifunga pamoja kwenye blanketi. Beseni la maji ya moto ndani ya friza, juu ya taulo, nafunga mlango, baada ya dakika 20 nabadilisha maji. Sikieni... hiyo imeanguka! Kipande kizima, hakuna kuchokonoa. Kisha nakausha kila kona, maana ukiacha majimaji yanaganda upya leo leo.

Huku chini, upande wa friji, barafu ya ukutani inayeyuka yenyewe, maji yanapita kwenye katundu haka. Hapa ndipo friji hii iliponiudhi: katundu kadogo mno. Jani moja la mchicha liliziba, nikakuta nyanya zinaogelea. Nilizibua kwa mrija wa soda.

Mpira wa mlango je? Bana noti, funga, vuta. Juu imeshika vizuri. Kona ya chini... inatoka kirahisi. Miezi minane tu! Hapo nawakata alama.

Ningeinunua tena? Kwa bei yake, ndiyo. Ila kama wewe ni mvivu wa mabeseni, ongeza hela uchukue ya feni.

Naichomeka kupitia frijigadi, kile kifaa cha kulinda friji umeme ukiyumba, inasubiri dakika chache kwanza... haya, imeitika. Nyama itakaa kwenye blanketi mpaka friza ipoe kabisa, na mtu asinifungulie huo mlango.