The Letter (1940): uzoefu wangu na filamu inayomkabidhi mtazamaji kesi

Filamu za zamani za Hollywood zinazochanganya mapenzi na uhalifu katika nchi za mbali nimezitazama nyingi, na The Letter, iliyoongozwa na William Wyler mwaka 1940, ndiyo ninayoirudia kuliko zote. Ni ya picha nyeusi na nyeupe, ina dakika 95 tu, na nakala ya diski niliyonunua ina picha safi pamoja na maandishi ya Kiingereza chini ya kioo, ambayo yananifaa sana kwa sababu wahusika wake hushusha sauti kila wanapofikia jambo wanalotaka kulificha.

Hadithi inaanza usiku wa mbalamwezi katika shamba la mpira nje ya Singapore. Tunaonyeshwa shina la mti lililogemwa, utomvu ukidondoka tone kwa tone, kisha kamera inasogea taratibu hadi kwenye makazi ya vibarua waliolala kwenye machela. Mlio wa bastola unasikika, ndege mweupe anaruka kwa kishindo, na mwanamume anatoka barazani akipepesuka. Nyuma yake anafuata Leslie Crosbie, mke wa meneja wa shamba, akimmiminia risasi hadi bastola inabaki tupu, na usoni mwake hakuna hofu wala majuto. Kwa hiyo muuaji tunamjua kabla hata ya kulijua jina lake, na kinachobaki ni kumsikiliza anavyojieleza. Anasema kwamba Hammond, rafiki wa familia, alikuja amelewa akataka kumwingilia kwa nguvu, na kila Mzungu anayemsikia anamwamini papo hapo. Maelezo yake yamepangika mno, hayana kusita wala kujikanganya, na hapo ndipo shaka yangu ilipoanza, hata kabla karani wa wakili, Ong Chi Seng, hajamnong'oneza bosi wake kwa adabu nyingi kwamba ipo barua ambayo Leslie alimwandikia marehemu siku ile ile akimwita nyumbani.

Bette Davis anaigiza sehemu ya Leslie kwa utulivu unaotisha. Muda mwingi anafuma lesi, miwani ikiwa puani, na mikono hiyo hiyo iliyofyatua risasi inapitisha uzi bila kutetemeka. Hata hivyo, aliyenigusa zaidi ni James Stephenson, anayeigiza wakili Howard Joyce. Ni mtu mwaminifu anayekubali kuinunua barua hiyo kwa dola 10,000, ambazo ni karibu akiba yote ya mume wa Leslie, na ukimtazama mahakamani anapomtetea mteja wake unaona jinsi kila neno linavyomkwama kooni.

Onyesho ambalo ningependa kila mtu alitazame kwa makini ni lile la kukabidhiwa barua. Mjane wa Hammond ameshika silaha pekee iliyobaki mkononi mwake, na sharti lake ni kwamba Leslie aje mwenyewe kuichukua. Leslie anakuja amejifunika shela ya lesi, anaamriwa aivue, kisha mjane anaiachia barua ianguke sakafuni ili mke wa meneja apige magoti kuiokota. Sisi tunaotoka katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza tunaelewa mara moja uzito wa tendo hilo, kwa kuwa katika filamu nzima wenyeji ndio wanaoinama.

Kasoro kubwa nayo imo humo humo. Mjane huyo, ambaye katika filamu ni chotara wa Kizungu na Kiasia, anaigizwa na Gale Sondergaard, Mmarekani Mzungu aliyepakwa vipodozi vizito, na hazungumzi Kiingereza kabisa, hivyo maneno yake tunayapata kupitia kwa mkalimani tu. Ilikuwa desturi ya Hollywood wakati huo, lakini inaniumiza, kwa sababu mwenye haki kuliko wote katika kesi hii ndiye asiyepewa nafasi ya kusimulia. Kanuni za maadili zilizoibana Hollywood nazo ziliharibu mwisho. Zilidai muuaji asiachwe bila adhabu, kwa hiyo baada ya hukumu ya mahakama limeongezwa tukio ambalo halimo katika tamthilia ya W. Somerset Maugham, ambayo ndiyo chanzo cha filamu. Maugham mwenyewe alichota kutoka kesi halisi ya Kuala Lumpur ya mwaka 1911, ambapo Ethel Proudlock, mke wa mwalimu, alimpiga risasi mwanamume barazani, akahukumiwa kifo, kisha akasamehewa na Sultani wa Selangor.

Kwangu mimi filamu inafika kileleni kabla ya tukio hilo lililoongezwa, pale Leslie anapomwambia mumewe kwamba bado anampenda yule aliyemuua. Davis aliona kwamba hakuna mwanamke awezaye kutamka hayo huku akimtazama mumewe machoni. Wyler alishikilia kwamba amtazame, mwigizaji akaondoka kwa hasira, kisha akarudi akafanya alivyoagizwa. Nasimama na Wyler, kwa sababu bila macho hayo kukutana tusingeuona uso wa Herbert Marshall, anayeigiza mume, ukiporomoka kimya kimya.

Filamu ilipendekezwa kwa tuzo saba za Oscar na haikupata hata moja, jambo ambalo kwangu halipunguzi chochote. Lipo pia toleo la mwaka 1929, ambalo Jeanne Eagels ndiye Leslie na Marshall huyo huyo ndiye Hammond anayeuawa. Sauti ya toleo hilo ni duni kwa kuwa ni la miaka ya mwanzo ya filamu zenye sauti, kwa hiyo anayetaka kuzitazama zote mbili ningemshauri aanze na hii ya 1940.