Tathmini: Safari ya Kuongozwa ya Rae Lakes, Milima ya Sierra Nevada

Kampuni ndogo ya waongozaji niliyosafiri nayo kiangazi katika Hifadhi ya Taifa ya Kings Canyon, jimboni California, inatoza fedha kwa safari ambayo watu wengi huifanya wenyewe bila kiongozi. Mzunguko wa Rae Lakes una urefu wa takriban kilomita 66, njia yake inaonekana wazi sehemu kubwa, njia panda zake zina vibao, na mtu mwenye ramani na miguu iliyozoea kutembea anaweza kuumaliza kwa siku nne hadi tano. Kwa hiyo anayefikiria kulipia huduma hii ana haki ya kuuliza analipia nini hasa. Jibu langu, baada ya kuitumia, ni kwamba analipia uamuzi wa saa: saa ya kuamka, saa ya kuvuka mto, saa ya kuwa tayari umeshuka kutoka mahali palipo juu. Katika hilo huduma ilikuwa bora sana. Katika vifaa vya kukodi haikuwa hivyo, na nitaeleza.

Ieleweke kwanza kwamba hapa hakuna mpagazi. Kila msafiri hubeba hema, mfuko wa kulalia, nguo na sehemu yake ya chakula, na kiongozi hubeba mzigo wake pamoja na dawa za huduma ya kwanza na kamba. Asubuhi ya kuanza, kiongozi wetu alitutaka tufungue mabegi yote, tuyamwage juu ya turubai, kisha akayapima moja baada ya jingine kwa mizani ya ndoano. Alitoa kila kitu ambacho mwenye begi hakuweza kueleza atakitumia lini. Baadhi ya wenzangu walinung'unika, lakini kufikia alasiri ya siku hiyo hiyo hakuna aliyezikumbuka suruali za ziada.

Chakula kilipakiwa katika makopo magumu ya plastiki ambayo dubu hawezi kuyafungua. Katika mzunguko huu makopo hayo ni sharti la hifadhi, si mapendekezo. Dubu wote wa Sierra Nevada ni dubu weusi, ambao kwa kawaida hawamtafuti binadamu; wanachokifuata ni harufu, na dubu aliyekwisha kuonja chakula cha wasafiri hurudi tena na tena hadi anakuwa hatari. Ndiyo maana hata dawa ya meno na mafuta ya kujikinga na jua yaliingia koponi. Kiongozi alituonyesha namna ya kuliweka kopo katikati ya begi, likigusana na mgongo, ili uzito usimvute mtu nyuma anapopanda, na jioni akahakikisha kila kopo limewekwa ardhini mbali na mahema na mbali na ukingo wa maji, kwa kuwa dubu akilisukuma linaweza kubingirika hadi likapotea.

Njia yenyewe huanzia Roads End, mahali barabara ya magari inapoishia, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,535, hupita maporomoko ya Mist Falls na bonde la Paradise Valley, hufuata kijito cha Woods Creek hadi maziwa ya Rae Lakes yaliyo kwenye takriban mita 3,200, huvuka Glen Pass, kipito cha juu kati ya vilele, kwenye takriban mita 3,650, kisha hushuka kwa kijito cha Bubbs Creek mpaka ilipoanzia. Kampuni huizunguka kwa mwelekeo wa mshale wa saa, na sababu walizotoa ziliniridhisha. Upande wa Woods Creek hupanda polepole zaidi, hivyo mwili hupata muda wa kuzoea hewa nyepesi kabla ya usiku wa kulala juu, na chakula kingi kimeshaliwa mtu anapoufikia mpando mkali. Kwenye Glen Pass shinikizo la hewa ni karibu theluthi mbili tu ya lile la usawa wa bahari. Maumivu ya kichwa na kukosa hamu ya kula huweza kuanza kuanzia mita 2,500 hivi, na kiongozi alimuuliza kila mmoja wetu maswali yale yale kila jioni, kwa faragha, bila kumfanya mtu aone haya kujibu.

Thamani ya huduma hii niliiona waziwazi kwenye maji. Katika sehemu ya juu ya Paradise Valley, South Fork, yaani tawi la kusini la mto Kings, huvukwa kwa miguu au juu ya magogo yaliyoanguka, kutegemea mwaka na hali ya mto. Tulifika hapo alasiri, mto ukiwa mpana, wa rangi ya maziwa kwenye mawe na wenye sauti iliyotulazimu kupaza zetu. Kiongozi hakujadili kuvuka. Alichomeka kijiti kwenye tope penye ukingo wa maji, akatuelekeza kurudi nyuma kwenye eneo lililotengwa kwa kambi, na alfajiri akaturudisha pale pale. Kijiti kilikuwa kimesimama pakavu, na maji yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya shubiri moja. Sababu ni rahisi: mito hii ya kiangazi ni theluji inayoyeyuka, jua la mchana huiyeyusha kwa wingi, maji hayo huchukua saa kadhaa kufika bondeni, kisha baridi ya usiku hupunguza kinachotiririka. Ningeweza kulisoma hilo popote, lakini kukiona kijiti kile kulinifundisha zaidi. Tulivuka tukiwa tumevaa viatu, mikanda ya mabegi ikiwa imefunguliwa kiunoni na kifuani ili anayeanguka aweze kuutupa mzigo, nyuso zetu zikielekea maji yanakotoka, na fimbo mbili zikitangulia kila hatua.

Glen Pass ilihitaji hesabu ngumu kuliko hiyo. Kiangazi katika Sierra huleta ngurumo za alasiri, na mtu aliye kwenye ukingo wa mawe matupu hana pa kujificha radi ikianza, kwa hiyo kanuni ni kuwa umeshavuka kabla ya adhuhuri. Lakini upande wa kaskazini, ambao ndio unaopandwa ukitokea maziwani, huweza kubaki na theluji hadi Julai baada ya majira mazito ya baridi. Alfajiri theluji hiyo ni ngumu na inateleza, na mchana inalainika mpaka mguu unazama hadi gotini. Kuwahi sana ni hatari ya kuteleza; kuchelewa ni hatari ya kuzama na ya radi. Kiongozi alitutoa kambini kukiwa bado na giza, akatusimamisha chini ya mteremko wa theluji, na kila baada ya muda akaupiga kwa kisigino cha kiatu. Kisigino kilipoanza kuacha alama tukaanza kupanda, yeye akitangulia kukata hatua, sisi tukikanyaga alipokanyaga. Nimesafiri na waongozaji wenye ratiba iliyoandikwa tangu ofisini na isiyobadilika kwa lolote. Huyu alisoma ardhi, akaipanga ratiba kutokana na alichokisoma.

Sasa upungufu. Mifuko ya kulalia waliyotukodisha ilikuwa ya manyoya ya bata, safi na mepesi, lakini haikutosha. Orodha yao ya vifaa hutaja namba moja tu ya joto kwa kila mfuko, bila kusema ni namba gani. Kipimo cha kimataifa cha ISO 23537 hutofautisha joto ambalo mtu hulala kwa raha na kikomo cha chini, ambacho ni joto ambalo mtu aliyejikunja bado anaweza kustahimili usiku. Tofauti kati ya namba hizo ni nyuzi kadhaa. Kumbe waliyoitaja ilikuwa kikomo. Usiku wa maziwani, joto lilipokaribia kiwango cha kuganda, waliokodi mifuko walilala na koti, kofia na soksi zote walizokuwa nazo, na wasiolala vizuri hutembea vibaya. Hili si jambo dogo katika safari inayotegemea miguu iliyopumzika, na linarekebishwa kwa kubadilisha mstari mmoja katika orodha. Nililiandika kwenye fomu ya maoni, na ninalirudia hapa: leta mfuko wako, au uliza namba ya raha.

Chakula kilikuwa cha kukaushwa, cha kuchanganywa na maji ya moto. Kilishibisha. Kwa kuwa maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi katika mwinuko huo, wali na maharage hukaa muda mrefu kuliko yasemavyo maelekezo ya pakiti, na kiongozi alijua kuvifunika kwa koti mpaka vilainike. Mbu walikuwa wengi kando ya maji yaliyotokana na theluji, na vyandarua vya kichwa vilitolewa bila malipo.

Niliheshimu pia namna walivyoitunza nyika yenyewe, ambayo tangu 1984 inalindwa kisheria. Hatukuwasha moto, kwa kuwa hifadhi inaukataza juu ya takriban mita 3,050 katika eneo hilo. Hema zilisimikwa mbali na maji, vyoo vilichimbwa kina cha kiganja mbali na njia, na karatasi zote zilirudi nasi mabegini. Kibali cha kuingia nyikani, ambacho nafasi zake kwa kila siku zina kikomo, walikishughulikia wao, na hilo peke yake liliniondolea usumbufu mkubwa.

Ninaipendekeza huduma hii kwa mtu mwenye nguvu za kubeba mzigo ambaye hajawahi kuvuka mto wa theluji wala mteremko wa theluji. Aliyekwisha kufanya yote mawili kwa usalama hana haja nayo, isipokuwa kama anataka kujifunza kuongoza wengine, na kwa huyo ningesema aombe kutembea nyuma ya kiongozi na aulize kila anaposimama kwa nini amesimama.