Maiki ya dirishani, baada ya miezi minne: nyota tatu, moja ni ya huruma

Nina duka la dawa muhimu Mbagala Rangi Tatu, karibu na Barabara ya Kilwa. Kushoto kwangu kuna kinyozi anayefungulia singeli saa mbili asubuhi, kulia kijiwe cha bodaboda. Kioo cha kaunta nilikiweka mwaka 2020, wakati wa korona, kina kitundu cha kupitishia dawa na hela. Tangu hapo nikawa mtu wa kupiga kelele kutwa nzima, jioni sauti imekauka kama nimetoka Taifa kuangalia mechi.

Kilichonipeleka Kariakoo kununua maiki hii ni mzee mmoja. Aliagizwa setrizini, mimi kwa singeli ile nikasikia septrini. Moja ni ya aleji, nyingine ni antibayotiki, hazina undugu wowote. Bahati nzuri binti yake alisoma pakiti kabla mzee hajameza. Mzee akarudi amewaka: "Dokta, unataka kuniua?" (Mimi si daktari, ni mtoa dawa, ila huku ukivaa koti jeupe tu umeshakuwa dokta.) Nikamwamkia, nikamwomba radhi mbele ya foleni nzima, nikambadilishia. Kosa lilikuwa langu, nilitakiwa nimwoneshe pakiti na kumsomea jina kabla hajalipa. Lakini ule usiku nilipokumbuka ugomvi wangu wa wiki ile, mwingi ulikuwa umeanzia kwenye "umesemaje?"

Basi mtaa wa Aggrey, 85,000 baada ya kubishana sana. Ni kama zile za benki: spika ndogo yenye maiki yake inabandikwa nje ya kioo, ndani inabaki maiki yenye shingo ndefu na spika yangu. Kuifunga ni dakika ishirini, hata fundi sikuita. Boksi lote limeandikwa Kichina, kwa hiyo jina la kampuni msiniulize.

Inasikika vizuri, hilo siwezi kuinyima. Wale wanaokuja kutaka sindano, kwa mfano. Duka la dawa muhimu haliruhusiwi kuchoma sindano, na zamani nikilisema hilo kwa kupaza sauti, mtu anaona namfokea, naye anafoka. Siku hizi naongea taratibu kama tuko sebuleni: "Mama, hapa hatuchomi, nenda zahanati, ukirudi na cheti nakupa dawa." Ananuna, lakini anaondoka bila kupiga kioo.

Na wa nusu dozi. Baba mmoja alikuja na cheti, amepimwa, ana malaria. Dawa mseto ya mtu mzima ni vidonge 24, vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu. Yeye anataka nane. "Nikipata nafuu si inatosha?" Nikakataa, akaanza kunipandishia, mara akainama karibu kabisa na spika, akasema polepole kwamba mfukoni ana elfu moja tu. Kwa kioo kitupu asingelisema hilo, angeondoka amenitukana. Nikampa dozi nzima, deni likaenda kwenye daftari. Jumamosi akalileta.

Sasa ubaya wake. Kitufe cha sauti ni kimoja kwa spika zote mbili. Nikiongeza nimsikie mteja, na mimi nje nanguruma kama mnadani. Wiki ya kwanza kijana kaja, kanong'ona anataka dawa ya fangasi. Nikauliza kama ninavyouliza kila siku: "Fangasi za wapi?" Swali likatoka nje, likavuka foleni, likafika kijiweni. Bodaboda mmoja akamjibia. Sitaandika alichosema. Kijana aliondoka bila dawa na bila chenji ya elfu tano yake, na mpaka leo ile chenji iko kwenye bahasha kwenye droo.

Kuna pia kitufe cha kukata sauti yangu isitoke nje. Usikitumie mbele ya mteja mwenye hasira. Dada mmoja alirudisha chupa ya dawa ya maji ya mtoto, imeshafunguliwa, mtoto kaikataa, anataka hela. Dawa iliyofunguliwa sirudishi, siwezi kumuuzia mtoto wa mwingine. Nikakata sauti nimwulize msaidizi wangu ilinunuliwa lini. Yeye huko nje anaona midomo inacheza tu. "Unanitukana! Washa nisikie!" Nilipowasha, mtaa mzima ukawa upande wake. Kwa mteja wa namna hiyo mashine hii ni kumuongezea jukwaa.

Umeme ukikatika inakufa palepale, haina betri. Ya waranti tusiongee. Niliporudi kuulizia kitufe, muuzaji aliniambia bidhaa haina tatizo, tatizo ni mtaa wangu una kelele.

Nani anunue? Kama unauza tiketi au luku, chukua, utafurahi. Kwa duka la dawa, inunue ukijua kwamba kuna maswali hutayauliza tena kwa mdomo. Mimi nimeongeza daftari la shule la mia tano na kalamu pale kwenye kitundu. Mwenye la siri anaandika, anachana, anapitisha. Kalamu mbili zimeshaibwa, ya tatu nimeifunga kwa kamba ya katani.

Juzi jioni kimepenya kikaratasi, mwandiko wa haraka haraka: "Fangasi. Miguuni. Usiseme kwenye maiki."

Nikapitisha tyubu na bahasha.