Blaser R8: Bunduki Moja, Mitutu Miwili

Kwa anayewinda katika vitalu vya Tanzania, uchaguzi wa bunduki huanzia kwenye kaliba, yaani upana wa tundu la mtutu, unaotajwa kwa sehemu ya inchi. Nyati, tembo na simba hawapigwi kwa kaliba iliyo chini ya .375, ilhali kongoni au pofu aliyesimama mita mia mbili mbali katika mbuga ya wazi hupigwa vizuri zaidi kwa risasi nyepesi yenye kasi, kama ile ya .300 Winchester Magnum. Jibu la kawaida limekuwa kubeba bunduki mbili, na kwa miaka mingi nami nilibeba Mauser ya mfumo wa M98 yenye kaliba ya .375 H&H pamoja na nyingine nyepesi. Sasa ninatumia Blaser R8 yenye mitutu miwili ya kaliba hizohizo, na baada ya kuitumia katika misimu ya kiangazi ninaweza kueleza bila kusitasita mahali ilipozidi zile mbili na mahali ilipopungua.

R8 hutengenezwa Isny, kusini mwa Ujerumani, na iliingia sokoni mwaka 2008 ikiifuata R93 ya kampuni hiyohiyo. Bolti yake, yaani chuma kinachosukuma risasi ndani ya mtutu na kuufunga kwa nyuma, huvutwa nyuma na kurudishwa mbele kwa mstari ulionyooka, bila kuinuliwa kama ya Mauser. Magazini (kibebea risasi) na triga (kifyatulio) vimeunganishwa kuwa kitu kimoja, magazini ikikaa juu ya triga badala ya kuitangulia, na hapo ndipo ufupi wake unapotoka: ikiwa na mtutu wa sentimita 65, bunduki nzima ina urefu wa takribani sentimita 108. Ukiifungua, sanduku lake halifiki mita moja, jambo ambalo rubani wa ndege ndogo inayotua kwenye kiwanja cha udongo hulifurahia kuliko mtu yeyote.

Kubadilisha mtutu ni kazi ya dakika chache. Unachomoa magazini kwa kubonyeza vitufe viwili vya pembeni, unatoa bolti, kisha unalegeza nati mbili zilizo chini ya mbao ya mbele kwa spana ya alenki. Nati hizo hazidondoki, kwa sababu zimeshikiliwa ndani ya mbao, na aliyewahi kutafuta skrubu kwenye majani makavu ataelewa kwa nini ninalitaja jambo hilo. Mtutu unainuka wote, darubini ikiwa juu yake. Unauweka wa pili mahali pake, unakaza nati mpaka zigome, unarudisha bolti na magazini, na bunduki iko tayari. Kwa kuwa vitako vya ganda la .300 Winchester Magnum na la .375 H&H vina upana uleule, kichwa cha bolti hakibadilishwi. Anayetaka kuongeza mtutu wa .308 au wa .223 atalazimika kununua kichwa kingine.

Shaka ya wengi ni kama shabaha hubaki palepale baada ya kufungua na kufunga. Kwangu imebaki, na sababu yake inaonekana kwa macho. Bolti hujifunga moja kwa moja ndani ya mtutu kwa makucha yanayotanuka pande zote, na darubini nayo hushikwa na mtutu wenyewe kwa vishikizo viwili vinavyoingia kwenye vijishimo vilivyochongwa juu yake. Chemba (sehemu ya mtutu inamokaa risasi), kifungio na darubini, yaani vyote vinavyoamua risasi itaelekea wapi, husafiri pamoja kama kitu kimoja. Kwa hiyo kila mtutu unahitaji darubini yake, wa .375 ukiwa na ile inayoanzia ukuzaji wa mara moja kwa ajili ya vichaka vya karibu. Hata hivyo, kila nifikapo kambini hupiga risasi mbili tatu kwenye karatasi kabla ya kuingia porini, maana darubini iliyogongwa njiani haitambuliki kwa kuitazama tu.

Namna ya kukoki ndiyo iliyonivutia kuliko yote. Springi ya kupigia hukaa imelegea hata risasi ikiwa ndani ya chemba, na hukazwa kwa kusukuma kitelezi mbele kwa dole gumba pale tu mnyama anapokuwa kwenye darubini. Unapotembea nyuma ya mfuatilia nyayo na askari wa wanyamapori kwenye nyasi zinazokuzidi kimo, huo ni usalama wa kweli. Triga ni nyepesi, takribani gramu 650, na mtu aliyezoea triga nzito anapaswa kufanya mazoezi ya kutosha kabla ya kuipeleka kwa nyati.

Upungufu upo. Magazini inayochomoka ikiondoka na triga yake inakuacha na fimbo mkononi, hivyo ninakitumia daima kile kifungio cha ndani kinachoizuia isitoke. Vumbi la kiangazi, lile laini kama unga linaloingia hata ndani ya sanduku lililofungwa nyuma ya gari, linadai usafi kwenye makucha ya bolti na pale mtutu unapokalia; hapo natumia kitambaa kikavu, kwa kuwa mafuta mengi hulinasa. Teke la .375 linasikika zaidi kwenye bunduki nyepesi, na kile kipunguza teke kinachowekwa ndani ya kitako kinastahili bei yake.

Hatari kubwa zaidi ni kuchanganya risasi. Ukiwa na kaliba mbili kwa bunduki moja, hakuna umbo la bunduki la kukukumbusha umeshika ipi, kwa hiyo risasi za mtutu usiotumika zinapaswa kubaki zimefungiwa kambini. Mkandani ikae kaliba moja tu.

Bei ni kikwazo cha wazi, kwani mtutu mmoja wa ziada unakaribia bei ya bunduki nzima ya kawaida. Merkel Helix, inayotoka Suhl, hufunguliwa bila spana yoyote na inafaa kutazamwa kabla ya kulipa. Na kwa mwindaji bingwa ambaye kazi yake ni kumlinda mgeni mbele ya nyati aliyejeruhiwa, sioni sababu ya kuiacha M98 yake: ukucha wake mpana hulishika ganda tangu linapotoka kwenye magazini, na bunduki ya pili kambini ni akiba ambayo mtutu wa pili hauwezi kuwa, kwa kuwa bolti ikiharibika mitutu yote miwili inanyamaza.

Anayesafiri kwa ndege akumbuke kwamba mashirika mengi humruhusu abiria kilo 5 tu za risasi kwa jumla, kaliba zote zikihesabiwa pamoja. Katika Umoja wa Ulaya mtutu huhesabiwa kuwa sehemu muhimu ya silaha na husajiliwa kivyake, kwa hiyo anayepitia huko ahakikishe namba ya kila mtutu imeandikwa kwenye vibali vyake kabla hajafika kwenye kaunta ya uwanja wa ndege.