Mtoto wa paka au paka mzima: yupi afugwe kwenye fleti?

Kwa gharama za mwanzo, paka mzima ana nafuu. Mara nyingi ameshachanjwa na kuhasiwa, ilhali mtoto huhitaji chanjo kila baada ya wiki 3 hadi 4 mpaka afikishe takriban wiki 16.

Tabia ndiyo hasa ya kupimwa. Mtoto hujui atakuwaje ukubwani. Hukimbia usiku, hupanda mapazia, na akiachwa peke yake kutwa nzima huharibu vitu. Mzima unamwona alivyo: mpole, mwoga au mpiga kelele. Ila kama amezoea kuzurura nje, kumfungia ndani kunaweza kumtesa sana, kwa hiyo ulizia alikolelewa kabla ya kumchukua. Hapo mtoto anashinda, kwani hukua akijua fleti ndiyo kwao.

Matunzo hayatofautiani sana: sanduku la mchanga anamojisaidia paka lisafishwe kila siku, madirisha yawekwe wavu imara. Paka huanguka kutoka ghorofani, wakubwa kwa wadogo.

Unashinda kazini? Ningekuelekeza kwa mzima. Kama mchana kuna mtu nyumbani mwenye subira, mtoto atakufaa. Vyovyote vile, mkataba wa pango usomwe kwanza.