Linux nyepesi kwa kompyuta mpakato ya zamani: ipi uchague, na namna ya kuijaribu dukani kabla hujalipa

Oktoba 14, 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo haizikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Kwa hiyo mashine nzima, yenye kioo safi na kibodi isiyo na kasoro, unaweza kuikuta inauzwa kwa bei nafuu Mwanjelwa jijini Mbeya, Makambako au Iringa mjini. Ukiiwekea Linux inayoimudu, yaani mfumo endeshi wa bure unaoshika nafasi ya Windows, itafanya kazi miaka mingine kadhaa. Ukiiwekea isiyoimudu, utaamini umeuziwa mbovu.

Kinachoamua ni RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta), na mlaji mkubwa wa RAM ni kivinjari, si Linux yenyewe. Firefox yenye kurasa tano au sita wazi inavuka GB 1 bila shida. Piga hesabu: RAM iliyomo, toa ya mfumo, toa ya kivinjari. Kinachobaki ndicho cha kufanyia kazi zako.

1. Linux Mint Xfce: RAM ya GB 4 na kuendelea

Hii ndiyo ya kwanza, na kwa wanunuzi wengi utafutaji uishie hapa. Inatumia karibu MB 800 kabla hujafungua kitu. Menyu iko chini kushoto, LibreOffice imo tayari, na matoleo ya 22 yatapata masasisho hadi 2029. Inataka prosesa ya biti 64. Inawaka hata kwa GB 2, lakini hapo kivinjari kitakutesa.

2. antiX: GB 1 hadi 2, au prosesa ya biti 32

Imejengwa juu ya Debian, na ikitulia hutumia MB 200 hadi 300 tu. antiX 23 inapatikana kwa biti 32, wakati Ubuntu na Mint zimeshaliacha, kwa hiyo vikompyuta vidogo vyenye Intel Atom N270 vina pa kukimbilia. Pakua toleo liitwalo full, maana base halina LibreOffice. Sura yake ni ya kale na mgeni atahangaika siku mbili tatu. Ukiombwa nywila wakati wa kujaribu kwa flashi, mtumiaji ni demo na nywila ni demo; ya root (msimamizi) ni root.

3. Lubuntu: GB 2 hadi 4

Nyepesi kuliko Mint, na inapendeza. Tumeishusha kwa sababu Firefox yake huja kama kifurushi cha snap, ambacho kwenye diski ya kuzunguka huchelewa kufunguka, na toleo la 24.04 linahudumiwa miaka mitatu tu, hadi Aprili 2027.

4. Puppy Linux: mashine iliyokufa diski

Inajipakia yote kwenye RAM na kuendeshwa kutoka kwenye flashi. Ni nzuri kwa kuokoa mafaili. Kwa kazi ya kila siku hatuishauri: umeme ukikatika na betri haishiki, ulichokuwa hujahifadhi kimekwenda.

Kuandaa flashi

Flashi ya GB 8 inatosha. Faili la Mint lina karibu GB 3, basi angalia bando kabla hujaanza. Likishuka, lihakiki. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika *certutil -hashfile*, kisha jina la faili, kisha SHA256, ulinganishe namba na iliyo kwenye ukurasa wa kupakulia. Upakuaji uliokatika katikati ndio huleta usakinishaji unaogoma njiani, na lawama zikaiangukia diski.

Ukitumia Rufus (programu ya kuandika faili hilo kwenye flashi) kwa mashine ya kabla ya mwaka 2012 hivi, kwenye Partition scheme chagua MBR. Ukichagua GPT, BIOS (programu ya kuwashia mashine) ya zamani huenda isiione flashi kabisa.

Mezani kwa muuzaji

Mwambie unataka kuiwasha kwa flashi yako. Kwenye Lenovo, Dell na Toshiba nyingi bonyeza F12. HP ni Esc kisha F9. Kwa antiX na Puppy zima kwanza Secure Boot, ulinzi unaozuia mifumo isiyotambuliwa kuwaka. BIOS ikiomba nywila na muuzaji haijui, iache. Kompyuta zilizotoka maofisini huja na kufuli hilo, na kulitoa ni kazi.

Mint ikishawaka bila kusakinishwa, unganisha waifai, cheza sauti, bonyeza kila herufi ya kibodi. Halafu fungua programu ya Disks uangalie taarifa za SMART (afya ya diski): Reallocated Sector Count ikizidi sifuri, diski imeanza kuoza, omba upunguziwe bei kwa kiasi cha diski mpya. Betri ipime kwa kuandika amri hii kwenye Terminal:

*upower -i $(upower -e | grep BAT)*

Tafuta mstari wa capacity. Ukisoma asilimia 40, betri inabeba chini ya nusu ya ilivyotoka kiwandani, na baridi ya Juni na Julai ya Njombe au Makete itaipunguza zaidi.

Waifai isipoonekana, mara nyingi ni chipu ya Broadcom inayohitaji dreva yake. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kusambaza mtandao kwa USB, kisha fungua Driver Manager uisakinishe.

Pesa iliyobaki uipeleke wapi

Anza na SSD (diski isiyozunguka) ya inchi 2.5 ya SATA, hata ya GB 120. Hakuna Linux nyepesi inayoleta tofauti kubwa kama hiyo. Kisha RAM. Kwa Intel ya kizazi cha nne lebo isome PC3L, yaani ya volti 1.35, ya PC3 tupu inaingia kwenye tundu lakini mashine inaweza isiwake.

Wenye steshenari wahakiki printa kwanza. HP LaserJet ndogo kama P1102 hudai kiongezo cha HPLIP (dreva za HP), na baadhi ya Canon LBP za zamani husumbua sana. Anayetegemea QuickBooks au Tally ya kompyuta asihame, kwani hazina toleo la Linux.

Kabla ya kubonyeza Erase disk wakati wa kusakinisha, hamisha mafaili. Hilo chaguo halibakizi kitu. Na baada ya kusakinisha, ukiona kila tovuti inakataa kufunguka kwa kudai si salama, tazama saa. Betri ndogo ya CR2032 ubaoni ikifa, tarehe hurudi miaka nyuma na vyeti vya tovuti huonekana batili. Badilisha hiyo betri, rekebisha saa, zitafunguka.