Ushauri nasaha chuoni kwetu: mshauri mzuri, mapokezi yanafukuza watu

"Tatizo lako nini?" Unaulizwa hivyo mezani, kwa sauti, mlango wazi, na kwenye benchi nyuma yako wamekaa watu mnaosoma nao. Niliulizwa muhula uliopita, UE (mitihani ya mwisho wa muhula) zikikaribia. Nilipoomba kuongea na mshauri faragha, dada wa mapokezi akanisukumia daftari: "Hapa kila mtu anaandika."

Daftari hilo linanitia hasira mpaka leo. Jina, namba ya usajili, kozi, na safu ya mwisho "tatizo". Kila anayeandika anawasoma waliomtangulia: mimba, kudisko (kuondolewa chuo kwa kufeli), msiba, usingizi. Halafu ukiingia ndani unaambiwa mazungumzo ni siri!

Kinafuata kibaya zaidi: dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona, unalijaza hapohapo kwenye benchi, karatasi gotini. Ni maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu alama 0 hadi 3, jumla haizidi 27. Ukifikisha 10, mshauri anatakiwa achunguze zaidi. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Nani ataweka ukweli pale, jirani yake akichungulia? Juu ya hapo, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kuwaza si kosa, wala kumwambia mshauri si kosa, lakini hakuna anayemweleza mwanafunzi hivyo. Basi anaweka 0, alama zinashuka, anapangiwa miadi ya mbali, na aliyestahili kuonwa siku hiyohiyo anarudi hosteli peke yake.

Fomu zenyewe zinarundikwa kwenye trei mpaka zamu iishe. Huo ni uzembe wa hatari. Jibu la swali la tisa likizidi 0, hata kwa alama moja, mtu asiachiwe aondoke kabla mshauri hajakaa naye.

Nilishaamua kuwaambia watu wasikanyage pale. Sasa nasita, kwa sababu ya mshauri mwenyewe. Alifunga mlango, akazima simu, akaanza na mipaka ya siri: ataivunja tu uhai wako au wa mwingine ukiwa hatarini, au mahakama ikiamuru. Aliuliza kama bumu (pesa ya kujikimu ya mkopo) limetoka na kama nimekula kabla ya kugusa masomo. Usingizi aliushughulikia kwa daftari dogo: kila asubuhi andika saa uliyolala na saa uliyoamka, na uamke saa ileile hata kama ulipata usingizi saa tisa usiku. Moyo ukienda mbio, vuta hewa kwa hesabu ya 4, itoe kwa 6, dakika tano. Rufaa ya daktari wa akili aliieleza bila kumtisha mtu na Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma: kliniki ya nje, unakwenda asubuhi, unarudi hosteli.

Kwa hiyo nendeni. Safu ya tatizo andikeni "binafsi", na dodoso ombeni kulijazia ndani. Inaniuma kuandika hivi, maana kumlinda mwanafunzi ni kazi ya ofisi, na kadi za namba pale mapokezi zingetosha kuliondoa daftari lile. Ila kama swali la tisa linakuhusu, usikae foleni. Gonga mlango wa mshauri moja kwa moja, au mwombe mtu mmoja akusindikize dharura ya hospitali iliyo karibu, hata kama ni usiku wa manane.